Chomoa, Halafu Sikiliza

Nianze na ujinga wangu, kwa sababu bila huo nisingemjua Fundi. Nilikuwa na gari. Hilo peke yake ni kichekesho kwa wanaonijua, maana mimi ni mtu wa nyumbani. Nikifika langoni tu naanza kujiuliza kama niliacha mlango wa jikoni wazi. Nililinunua la kubebea mayai ya kuku wangu hadi mjini Machakos, na pia, nikisema ukweli, ili nipate kisingizio cha kutokwenda harusini. Mtu asiye na gari huambiwa apande matatu. Mwenye gari bovu huhurumiwa.

Basi asubuhi moja, miaka ya tisini ikiwa bado michanga, gari lilianza kumisi. Ndivyo tunavyosema huku: injini ya silinda nne ikiwa inachoma tatu tu, na moja imelala, gari linamisi, linatikisika kama mtu mwenye kwikwi. Nilikuwa nimesoma kwenye kipande cha gazeti kilichofungia sukari kwamba dawa yake ni kusafisha nyaya za plagi. Nikazichomoa zote kwa mpigo, nikazipangusa kwa kitambaa cha vyombo cha mke wangu, nikazianika kwenye kamba ya nguo kama soksi. Zilipokauka nikazirudisha kwa mpango ambao mtu yeyote aliyepita shuleni angeutumia: moja, mbili, tatu, nne.

Gari halikuwaka. Lilifanya zaidi ya kutowaka. Lilipiga mshindo kama bunduki, moshi ukatokea mahali ambapo sikujua pana tundu, kuku wangu wakapanda juu ya paa la banda, na kwa wiki nzima wakataga kama watu wanaolazimishwa kutoa mchango.

Mama Mumbua, jirani yangu, alikuja uani akiwa bado ameshika mwiko. Alikuwa na kibanda cha chai na chapati nyuma ya kinu cha posho, kando ya barabara ya Masii, na ubavuni mwa kibanda chake ndipo Fundi alipokuwa na uwanja wake. "Baba Mutua," aliniambia, "nitakuletea mwenye kazi kabla hujaua mtu." Akamleta mchana huohuo.

Sikuwahi kumwita kwa jina, wala simjui aliyemwita. Hata kanisani, mchungaji akiwaombea wagonjwa, alisema "na Fundi wetu," ingawa mafundi kanisani walikuwa tele. Alikuja na ovaroli ambayo rangi yake ya kwanza ilikuwa imesahauliwa, akaniambia nizungushe ufunguo. Nikazungusha. Gari likapiga risasi. Akafumba macho, akatabasamu kama mtu aliyesikia kijiji chao kikitajwa redioni.

"Nani alikufundisha kuhesabu?"

"Mwalimu wa darasa la kwanza."

"Mrudishie. Injini haikupita kwake." Akaanza kuhamisha nyaya. "Injini inahesabu moja, tatu, nne, mbili. Sema."

Nikasema.

"Sema tena."

Mke wangu alikuwa dirishani. Nikasema tena. Gari likawaka, na tangu siku hiyo hadi mwisho Fundi aliniita Standadi Wani, mbele ya watu na nyuma yao.

Namna yake ya kutafuta silinda iliyolala ilikuwa moja tu, na aliiamini kuliko kitu chochote chenye maandishi. Injini ikiwa inanguruma, alilaza kifua juu ya ubavu wa gari, akafumba macho, akashika waya wa plagi kwa koleo lililofungwa mpira, akauchomoa. Kama injini ilishtuka, ikakata pumzi, ikataka kufa, alisema, "Huyu anafanya kazi," akaurudisha. Akaenda kwa unaofuata. Alipochomoa waya na injini isiseme kitu, iendelee kutikisika vilevile kama isiyoondokewa na chochote, hapo ndipo alipofungua macho.

"Huyu ndiye. Yuko, lakini hayuko."

Wakati huo ilikuwa marufuku kuongea. Wenye magari, wapita njia, Mama Mumbua na sufuria zake, wote waliambiwa, "Nyamazeni, injini iseme." Kinu cha posho peke yake ndicho hakikumtii, naye alikichukia kama mtu anavyomchukia shemeji. Lakini kazi ikiisha, hakuna aliyemshinda kelele. Alipiga hadithi kwa sauti ya mnadani, alibishana na redio, alikatiza maombi ya watu kwa kikohozi. Nilimwambia siku moja kwamba mtu anayependa kimya hivyo angejaribu kukitumia mwenyewe. "Kimya ni cha kazi," alinijibu. "Mimi nikinyamaza bure mtafikiri nimekufa."

Ule mtindo wa plagi aliutumia pia kwa binadamu. Mweka hazina wa kamati ya soko alipokwenda kwa binti yake Mombasa akakaa miezi, Fundi alizunguka vibanda akiuliza, "Mmesikia tofauti?" Hakuna aliyesikia. Jamaa aliporudi akakuta anaitwa Plagi, na hakuelezwa kwa nini. Kwaya ya kanisa ilipompoteza mwimba besi, Fundi alisikiliza Jumapili mbili, akatangaza kwamba kwaya imepata nafuu. Mbunge sitamtaja, lakini alipimwa vilevile.

"Chomoa, halafu sikiliza," alisema. "Watu wanapenda kujua nani yuko. Mimi nataka kujua nani akitoka itasikika."

"Na mimi?" nilimuuliza.

Akaokota spana yake. "Wewe kuku watasikia."

Hilo ndilo neno la upole zaidi alilowahi kuniambia, na nimelitunza.

Aliwahi kujipima mwenyewe, ingawa si kwa hiari. Malaria ilimlaza, na aliporudi, suruali imefungwa kwa kamba ya gunia, magari yalikuwa yamejipanga hadi mlangoni mwa kinu. Kila moja na kwikwi yake. Hakwenda kwenye magari. Alipitia kwanza kibandani kwa Mama Mumbua, ambapo nilikuwa nimeketi na trei za mayai.

"Mmesikia tofauti?" aliuliza.

"Tumesikia, Fundi," alisema Mama Mumbua. "Wateja wako wamekaa hapa na nyuso kama za matanga. Hata chapati hawamalizi."

Aliketi juu ya tairi, akanywa chai yake bila neno. Nilidhani anaringa. Siku hizi nadhani ni mtu aliyekuwa ameogopa jibu tangu alipotoka kitandani.

Msifikiri alikuwa hakosei. Alikosea kwa wingi na kwa uhakika wa nabii. Gari langu mimi alilitibu mwaka karibu mzima likimisi asubuhi tu. Alibadilisha plagi. Alibadilisha koili. Aliniletea nyaya mpya na akanikataza kuzianika. Kila mara alisema, "Sasa iko nesa," yaani nzuri kwa Kikamba, na kila asubuhi mayai yalipasuka njiani, nikifika dukani mwenye duka anauliza kama nimeleta bidhaa au kiamsha kinywa. Ilipofika mwezi wa saba, ukungu ukiwa umeshuka kutoka vilima vya Iveti hadi kwenye madirisha yetu, nilimwita aje nyumbani kabla sijaligusa gari. Alikuja amejifunika kigunia. Akasikiliza. Akafungua kifuniko cha distributa, kile kinachogawa moto kwa kila plagi, akakigeuza kuelekea mwanga. Kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Unyevu ulikuwa ukiingia humo, moto ukapotea njia.

"Mbona hukuliona hili tangu mwanzo?" nilimuuliza.

"Ulikuwa unaniletea gari jua likishatoka. Unamleta mgonjwa akiwa amepona, halafu unalaumu daktari."

Basi kosa likawa langu. Ilikuwa hivyo kila mara, na sikuona ubaya, kwa maana mtu anayekulaumu kwa ubunifu namna ile ni kama burudani.

Dharau zake zilikuwa na ngazi. Chini kabisa aliwaweka mafundi wanaopima kwa kiganja, yaani wale wanaokwenda nyuma ya gari na kuweka mkono kwenye bomba la moshi ili wahisi pumzi iliyokosekana. "Hiyo ni ya viziwi," alisema. Juu yao kidogo aliwaweka wanaobadilisha plagi zote kwa pamoja bila kujua mbovu ni ipi. Yeye mwenyewe alitumia kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine ikizunguka juu ya injini kama mbwa anayenusa. Alisema kwa mpira ule angeweza kukuambia gari liliwahi kubeba mkaa. Sikuamini, lakini nilipenda kusikia.

Sijui hasa ilianza lini. Nakumbuka tu vitu vidogo ambavyo kila kimoja kilikuwa na maelezo yake mazuri. Simu za mkononi zilipofika Machakos alinunua moja, akaining'iniza kiunoni kama bastola, lakini ilipolia alimpa Mama Mumbua. "Niongelee na huyo, mimi niko na mafuta mikononi." Alimpa hata siku alizokuwa ametoka kunawa. Ukimwita kwa nyuma hakugeuka. Tulisema amezidi kiburi. Ukimuuliza jambo alisema, "Ngoja kwanza hicho kinu kinyamaze," nawe ukangoja, ukarudia kwa sauti kubwa, ukamwona anautazama mdomo wako.

Halafu siku moja umeme ulikatika mji mzima. Kinu kikazima, kukawa na utulivu hadi ukasikia maji ya chai yakichemka. Nilikuwa nimemletea kabureta yangu, nikamuuliza kama ina uchafu.

"Ngoja kwanza hicho kinu kinyamaze," alisema.

Mama Mumbua alikuwa anasukuma chapati. Mkono wake ukasimama juu ya unga. Tulitazamana. Kisha nilifanya kitu ambacho sijui kama kilikuwa heshima au woga: nilingoja. Nilisimama pale nikingojea kinu kilichonyamaza kinyamaze, na baada ya muda uliofaa nikapaza sauti, "Iko na uchafu, Fundi?"

"Iko," alisema.

Baada ya hapo nilianza kuona nilichokuwa nikikitazama miaka yote. Kile kifua kilicholazwa juu ya gari hakikuwa uchovu. Alikuwa akisikiliza kwa mbavu. Mpira wa maji aliuacha msumarini, akaanza kutumia bisibisi ndefu: ncha kwenye injini, mpini akaushika kwa meno. Aliuma kwa nguvu, macho yamefumbwa, mishipa ya shingo imetokeza, mate yakimtiririka kidevuni, na mtetemo wa injini ukapanda kwenye meno hadi kichwani, ukapita mlango wa nyuma kwa kuwa wa mbele ulikuwa umefungwa. Na kwa muda mrefu ilifanya kazi. Alichomoa, akauma, akasema, "Huyu ndiye," na alikuwa ndiye. Watoto wa shule walikuja kumtazama fundi anayekula magari.

Siku moja nilimkuta ameinama nyuma ya pikapu, kiganja kwenye bomba la moshi. Aliponiona aliuondoa upesi, akaupangusa kwenye ovaroli.

"Naona kama hii bomba imelegea," alisema.

"Imelegea, Fundi," nilimwambia.

Binti yake, aliyekuwa ameolewa upande wa Kathiani, alimpeleka hospitali. Huko waliambiwa kwamba masikio yameisha kwa kelele za injini, na kilichoisha hakirudi. Walimpa kifaa cha kuweka sikioni. Alikivaa kwa siku chache, amekunja uso muda wote. Nilimuuliza, kwa ishara na kwa mdomo, kama kinasaidia.

"Kinasaidia," alisema. "Nasikia kinu. Nasikia kijiko cha huyu mama. Nasikia suruali yangu nikitembea. Injini iko huko ndani mahali fulani, lakini wote wanaongea pamoja."

Akakitoa, akakipangusa kwa adabu, akakiweka kwenye sanduku la vifaa kati ya spana. Sikukiona tena.

Na wakati huohuo, kama ambaye ameitwa, akafika jamaa wa mashine. Alifungua karakana ng'ambo ya barabara, sakafu ya saruji, jina limeandikwa ukutani. Magari yalikuwa yanabadilika. Yale yaliyotoka Japani hayakuwa na nyaya za kuchomoa, kila plagi ilikuwa na koili yake iliyofunikwa, na ubongo wa kompyuta uliofichwa mahali. Jamaa alichomeka kisanduku chini ya usukani, kisanduku kikaandika ni silinda gani inamisi. Hakufumba macho. Hakumnyamazisha mtu, alikuwa na redio ikiimba muda wote. Sitamsema vibaya. Alikuwa mpole na alipatia kazi yake, na siku niliponunua gari langu la pili, bovu kuliko la kwanza, nililipeleka kwake, kwa kupitia barabara ya nyuma ili Fundi asinione. Alikuwa ameketi juu ya tairi lake. Aliniona.

"Standadi Wani," aliniambia kesho yake, "ile mashine inasema aje?"

"Silinda ya tatu, Fundi."

Alisoma mdomo wangu, akatikisa kichwa polepole. "Mashine inasoma. Mimi nilikuwa nasikia." Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akitumia "nilikuwa," na nadhani aliisikia yeye mwenyewe, maana aliinuka akaenda kupanga spana ambazo zilikuwa zimepangwa.

Nifike kwenye siku ile, ingawa ningependa kuendelea kuzungukazunguka.

Alikuja mfanyabiashara kutoka Masii na gari la zamani, la aina ambayo Fundi alikuwa bado anaipata: nyaya nne, distributa, kila kitu mahali pake. Lilikuwa linamisi vibaya, si silinda moja bali karibu mbili. Lakini lilikuwa limetoka kupakwa rangi, jekundu la kung'aa, na mwenyewe alikuwa amevaa shati jeupe. Fundi alipotaka kulaza kifua, yule bwana alimzuia kwa mkono.

"Mzee, usiegemee. Rangi bado mpya."

Fundi akachukua bisibisi, akaipeleka mdomoni.

"Na hiyo ni ya nini?" bwana aliuliza, akawageukia waliokuwa kibandani. "Huyu anatengeneza gari ama anaikula?"

Watu walicheka. Si kicheko kibaya. Ni kile cha watu wanaongojea chai. Lakini Fundi alikiona, maana kicheko hakihitaji masikio. Aliirudisha bisibisi chini. Akaenda msumarini, akautoa ule mpira wa maji aliokuwa ameuacha miaka, akaupuliza vumbi. Akasimama hatua moja kutoka kwenye gari, bila kuligusa popote, ncha moja ya mpira sikioni, koleo katika mkono mwingine.

"Nyamazeni," alisema. "Injini iseme."

Tulinyamaza. Hata Mama Mumbua aliondoa sufuria motoni. Gari lilikuwa linatetemeka, linakohoa, likijikokota kwa silinda mbili. Fundi akafumba macho, akanyoosha mkono, akachomoa waya mmoja.

Alichomoa wa silinda iliyokuwa ikifanya kazi. Injini ilikata pumzi mara moja, ikajitikisa, ikafa.

Akabaki amesimama vilevile. Macho yamefumbwa, kichwa kimeinama upande, waya umeshikwa juu kwenye koleo. Feni ya injini ilizunguka kidogo ikasimama. Jogoo aliwika upande wa kinu. Nilitazama uso wake, na ulikuwa na ule utulivu wa zamani, ule wa siku aliyokuja uani kwangu.

"Hakuna mabadiliko," alisema. "Mnasikia? Hakuna mabadiliko yoyote. Huyu ndiye."

Hakuna aliyejibu. Alikuwa ametunyamazisha yeye mwenyewe, na tulikuwa watu watiifu.

"Fundi," alisema Mama Mumbua. Hakusikia. Nilikwenda nikamgusa bega. Alifungua macho akiwa na hasira ya kukatizwa, akaona uso wangu, akaona wa yule bwana, kisha akaitazama feni.

"Mzee, hii gari imezima kitambo," alisema mwenye shati jeupe, kwa sauti ya chini sasa.

"Najua imezima," Fundi alisema. "Ningeshangaa kama ingeendelea."

Akaurudisha waya. Mahali pake hasa, nataka hilo lijulikane. Akalivingirisha koleo katika kitambaa. Yule bwana aliliwasha gari lake likimisi vilevile, akalivusha barabara.

Fundi alikuja uwanjani siku chache baada ya hapo, akaketi juu ya tairi. Halafu binti yake akaja na pikapu ya kukodi, wakapakia sanduku la vifaa na lile tairi. Mimi nilikuwa nyumbani. Mimi huwa nyumbani. Niliambiwa.

Ilinichukua muda mrefu kwenda kumwona. Kathiani si mbali, magari yanapanda na kushuka kutwa, lakini kwa mtu kama mimi ni safari ya kuandikia wosia. Nilikwenda na trei ya mayai na lile gari langu la kwanza, ambalo nilikuwa nimekataa kuliuza na ambalo, kwa hisani yake, lilianza kumisi mlimani. Sikulichukia kwa mara ya kwanza maishani. Nilifikiri: angalau nimempelekea kitu.

Alikuwa ameketi nje ya nyumba ya binti yake akichambua maharagwe kwenye ungo. Amevaa shati safi. Sikuwa nimewahi kuona shingo yake ikiwa safi. Alinisalimia "Wakya," nikajibu "Aa," akautazama mdomo wangu ukijibu, akafurahi.

"Standadi Wani. Umetoka nje ya lango."

Nilimwonyesha gari kwa kidole. Niliacha injini ikiwaka. Lilikuwa linatikisika hadi kioo cha pembeni kinapiga makofi. Aliinuka akalijia, akalaza kifua juu ya ubavu wake kama zamani, na shavu pia, akafumba macho. Binti yake alitoka jikoni akasimama mlangoni. Fundi alikaa hapo muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akikaa, akilikumbatia gari lile bovu, mbavu zake zikitikiswa nalo.

Kisha akainuka, akajipangusa.

"Iko nesa," alisema. "Hii haina kitu."

Kioo kiliendelea kupiga makofi. Nilimtazama binti yake, naye akatazama chini.

"Asante, Fundi," nilisema.

Tulinywa chai. Hakuuliza habari za kuku. Hakuuliza habari za jamaa wa mashine. Alichambua maharagwe, akaweka mabovu pembeni, halafu bila kuinua uso akasema, "Pale kwetu."

Akatupa harage moja bovu pembeni.

"Tangu nitoke. Wamesikia tofauti?"

Uwanja wake ulikuwa umekuwa mahali pa kuoshea magari. Ukipita huoni hata doa la mafuta. Maji na sabuni vimelisafisha. "Wamesikia," nilimwambia.

Aliinua uso, akautazama mdomo wangu, akatikisa kichwa. Hakuipata.

"Wamesikia, Fundi," nilisema kwa sauti zaidi.

Akaweka kiganja nyuma ya sikio. Nikainuka. Nilisimama katikati ya ua wa watu, mtu mzima mwenye trei ya mayai, nikapiga kelele, "Wanakumisi. Wamesikia tofauti kubwa sana." Mbuzi wa jirani waligeuka. Mwanamke aliyekuwa analima ng'ambo ya bonde alisimamisha jembe akatutazama. Uongo ni kitu cha kunong'ona. Sijui mwingine aliyewahi kuutangaza kutoka mlima hadi mlima.

Sina hakika kama aliusikia au aliusoma mdomoni au aliuona kwa mbuzi. Alirudi kwenye maharagwe yake.

"Nilijua," alisema.

Nilishuka mlima kwa silinda tatu. Kesho yake nilipeleka mayai kibandani kwa Mama Mumbua. Vijana walikuwa wanaosha magari, redio ikiimba, kinu kikisaga. Nilimweleza nilivyomkuta Fundi, shati safi, maharagwe, na swali lake. Nikamwambia kwamba Jumapili nitapanda tena, twende wote, kwa sababu yeye alikaa naye ubavu kwa ubavu kuliko mtu yeyote, na neno lake lina uzito kuliko kelele zangu.

Aligeuza chapati, akaibonyeza kingo, akaipindua tena. Halafu akaniambia, bila ubaya wowote: "Niende nimwambie nini, Baba Mutua, na hasikii? Na nikwambie ukweli, tangu huyo mzee atoke hapa, mimi sijasikia tofauti yoyote."